Msee Aliyeguswa Mgongo Akajibu na Miguu: Stori ya Tarzan Brown na Mlima wa Boston

Kila Jumatatu ya tatu ya Aprili, wasee wetu huwa Boston, Marekani, wakisaka marathoni. Hiyo form unaijua. Ibrahim Hussein alifungua njia 1988, Mwafrika wa kwanza kubeba hiyo mbio, na tangu hapo Wakenya wameichukua kama shamba la babu. Catherine Ndereba mara nne. Robert Kipkoech Cheruiyot mara nne. Hellen Obiri 2023, akarudi 2024 akabeba tena.

Na kila mwaka, mbio ikifika kama kilomita ya 32, mtangazaji wa TV anaanza kuongea kwa heshima kama mtu anapita karibu na makaburi usiku. Wamefika Heartbreak Hill. Mlima wa kuvunja moyo.

Wengi hudhani huo mlima uliitwa hivyo juu unachosha moyo, ule wa kupiga damu. Zii. Moyo uliovunjika ulikuwa wa mtu mmoja, siku moja, mwaka 1936. Na aliyeuvunja ndio nataka tubonge juu yake leo, sababu mlima ulibaki na jina kubwa na yeye akasahaulika. Anaitwa Ellison Brown. Mtaani walimwita Tarzan.

Kwanza elewa mlima wenyewe. Ukiucheki kwa karatasi utacheka. Unapanda kama mita 27 tu, kwa mwendo ambao haufiki kilomita moja. Kama ushawahi panda Ngong Hills siku ya Jumapili na mbogi yako, utasema hako ni katuta tu. Lakini Boston ni mbio ya ujanja. Inaanza mji mdogo unaitwa Hopkinton, juu kidogo ya mita 140 kutoka usawa wa bahari, halafu inateremka kuelekea tao. Kushuka ni raha, si ndio? Ndio mtego. Kila hatua ya kuteremka, misuli ya mbele ya mapaja inashika breki, na inakatika polepole bila wewe kujua. Unajiskia fiti, unaongeza gia. Halafu ukifika Newton, karibu kilomita ya 26, vilima vinne vinaanza kukungoja mmoja baada ya mwingine. Cha mwisho ndio Heartbreak, na unakipata saa ile sukari yote mwili ulikuwa umeweka akiba imeisha. Ni kama tokeni za stima zimeisha katikati ya kupika. Waliokimbia hapo husimulia vile miguu inakataa amri. Kichwa kinasema twende, magoti yanasema wewe tangulia.

Sasa rudi nyuma uone huyu jamaa alitoka wapi.

Brown alizaliwa 1914 Westerly, kwa jimbo dogo kabisa la Marekani, Rhode Island. Alikuwa wa kabila la Wanarragansett, wenyeji wa hiyo ardhi kabla Mzungu atie nanga. Na hapa skia vizuri: mwaka 1880, miaka kama 34 kabla azaliwe, serikali ya jimbo ilikuwa imekaa chini ikaamua hilo kabila halipo tena. Kwa karatasi tu. Ardhi ikachukuliwa, watu wakaambiwa wao si Wanarragansett tena, ni raia wa kawaida. Lakini walikuwa bado hapo, wakizaliana, wakisota, wakiishi kwa misitu na vibarua. Kwa hivyo jamaa alizaliwa ndani ya watu ambao serikali ilishasema hawako.

Jina Tarzan lilitokana na vile alipenda kupanda miti na kuning'inia akiwa mdogo, kama ule mtu wa sinema. Kwao alikuwa pia na jina la heshima, Deerfoot, mguu wa paa. Magazeti ya enzi hizo yalilipenda la kwanza, na si kwa uzuri. Waandishi walikuwa wanamchora kama mtu wa porini aliyepotea njia akajikuta kwa marathoni. Akishinda, ni damu ya kishenzi. Akishindwa, ni uvivu wa kishenzi. Ukisoma vile walikuwa wanamwandika unaskia hasira hata kama wewe si wa huko.

Kazi yake ilikuwa mjengo. Fundi wa mawe. Wewe kama ushawahi fanya mjengo hata wiki moja unajua jioni mwili huwa vipi. Huyu alikuwa anatoka huko na bado anaenda kukimbia.

1935, akiwa na miaka 20, alienda Boston akiwa na mzigo moyoni. Mathe yake alikuwa amefariki siku chache tu kabla ya mbio. Shati aliyovaa siku hiyo ilishonwa kutoka kwa gauni ya huyo mathe. Fikiria hiyo kidogo. Unasimama kwa mstari na wasee wa klabu kubwa wenye sare safi, wewe umevaa nguo ya mamako ambaye hata hamjamaliza kumlilia. Halafu njiani ndula zikaisha nguvu, zikapasuka. Akazitupa. Akamaliza kilomita za mwisho miguu mitupu kwa lami, akawa wa 13. Msee mwingine angesema hiyo ni laana, apige u-turn arudi ocha.

Brown alirudi mwaka uliofuata.

Sasa 1936, bingwa mtetezi alikuwa John Kelley, kijana wa hapo hapo Massachusetts, mtu wa watu, msafi, magazeti yanampenda. Ndiye aliyebeba 1935 ile siku Brown alikuwa anakanyaga lami bila viatu. Kila mtu alikuwa anangoja Kelley afanye tena.

Brown akachomoka mapema. Si ule mwendo wa kupima pima, jamaa aliwasha moto akaacha wasee wakila vumbi. Ukiangalia kwa akili ya leo utasema hiyo ni kujiua, na kusema ukweli ilikaribia. Kufika vilima vya Newton, ile deni ya mteremko ikaanza kudaiwa. Mwendo ukapungua. Nyuma yake Kelley, ambaye alikuwa amejipanga, akaanza kula ile nafasi mita kwa mita, kilima kwa kilima. Kwa kile cha mwisho akamfikia.

Hapo ndio ilitokea kitu ya sekunde mbili ambayo imebaki karibu miaka 90.

Kelley akimpita, alinyoosha mkono akamgusa mgongoni. Kale kamguso ka kirafiki, kama ile unampatia mtu ukimaanisha pole buda, umejaribu, wacha mimi niendelee.

Kuna watu hadi leo wanasema Kelley hakuwa na nia mbaya, na mimi naona ni kweli. Hakuwa msee wa dharau. Lakini jiweke kwa mgongo wa Brown. Wewe ni fundi wa mawe kutoka kwa watu ambao serikali imeandika hawapo. Mwaka jana ulikimbia na nguo ya marehemu mamako. Magazeti yanakuita mtu wa porini. Halafu kijana anayependwa na mji mzima anakugusa mgongo kukuaga, kama umeshakufa. Huo mguso una uzito tofauti kulingana na mgongo wa nani umeguswa.

Brown aliamka. Kwa ule mlima ambao miguu huwa inakataa amri, alipata gia nyingine akampita Kelley tena. Kelley alikuwa ametumia kila kitu kumfikia, hakuwa amebakisha ya kujibu. Aliisha. Kutoka mtu anayeongoza hadi nambari tano ikifika mwisho. Brown naye hakuwa mzima, zile kilomita za mwisho kuingia tao alikuwa anayumba, lakini alifika wa kwanza, saa 2 dakika 33 na sekunde 40.

Mwandishi wa Boston Globe, Jerry Nason, ndiye aliandika vile Kelley alivunjwa moyo pale mlimani, na jina likashika. Lakini cheki vile jina lilitoka. Mlima haukuitwa kwa aliyeshinda. Uliitwa kwa machozi ya aliyeshindwa.

Agosti hiyo hiyo wote wawili walienda Olimpiki ya Berlin, pamoja na William McMahon aliyekuwa wa pili Boston. Wamarekani watatu kwa marathoni. Brown hakumaliza. McMahon pia. Kelley akawa wa 18. Aliyeshinda ni Sohn Kee-chung, Mkorea aliyelazimishwa kukimbia na bendera ya Japani kwa vile nchi yake ilikuwa imetawaliwa. Kwa hiyo mbio ya Berlin kulikuwa na zaidi ya mtu mmoja ambaye kabila au nchi yake haikuwa kwa ramani.

Oktoba, kama mtu anataka kufuta aibu, Brown alikimbia marathoni mbili ndani ya siku mbili, moja jimbo la New York na nyingine New Hampshire. Akabeba zote. Siku mbili, kilomita 84 na kidogo. Mimi nikipanda ngazi hadi floor ya tano stima zikipotea huwa nataka kuitiwa dakitari.

Stori inayorudiwa sana juu yake lakini si hiyo. Ni ile ya 1938, siku ya joto kali. Wanasimulia kwamba jamaa alikuwa kwa mbio Boston, akafika kando ya ziwa la Cochituate, akaona maji, akaacha barabara akaruka ndani kuogelea. Akapungia mashabiki mkono, kisha akarudi zake kukimbia. Watu hucheka wakiisimulia na wengi waliitumia kuonyesha hakuwa serious. Mimi naona tofauti. Wakati huo mshindi wa Boston alikuwa anapewa taji ya majani, medali na sahani ya supu ya nyama. Hakuna hata ndururu. Pesa za washindi zilianza 1986 tu. Kama hakuna anayekulipa na jua linakuchoma, nani atakuambia usioge?

Na wale waliosema ni mchezo, aliwajibu mwaka uliofuata. 1939 alikimbia kwa saa 2 dakika 28 na sekunde 51. Hakuna mtu alikuwa amewahi kumaliza Boston chini ya saa mbili na nusu kwa umbali kamili. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Les Pawson, mtu wa jimbo lake, na aliikata kwa dakika mbili na sekunde kumi. Alikuwa na miaka 24, yuko juu kabisa. Olimpiki iliyokuwa inafuata, ya 1940, ikafutwa sababu ya vita. Mlango ukafungwa hapo.

Baada ya hapo maisha yalikuwa yale yale ya kwanza. Mke, watoto, mawe, kibarua. Mshindi wa Boston mara mbili anaamka mangware kutafuta kazi ya mkono kama kila mtu. Wanaosimulia maisha yake wanasema kuna wakati aliuza vitu alivyoshinda ili watu wa nyumbani wale. Leo mshindi wa hiyo mbio anabeba dola 150,000. Ukibadilisha hizo kwa pesa za hapa, ni mtu wa kununua ploti, kujenga rental, na bado abakishe ya ng'ombe wa gredi. Ndio maana msee wa Iten akiona huo mlima anaona keja. Brown alipanda mlima ule ule akapata supu.

Tarehe 23 Agosti 1975, usiku, nje ya baa moja pale Misquamicut, Westerly, karibu na alipozaliwa, kulikuwa na ugomvi. Gari aina ya van ilimgonga. Alifariki akiwa na miaka 60, mwezi mmoja kabla ya kufikisha 61. Miaka minane baadaye, 1983, serikali ya Marekani ilikubali rasmi kwamba Wanarragansett ni kabila na wapo.

Kelley alishinda tena Boston 1945, akawa wa pili mara saba, na aliendelea kukimbia hiyo mbio hadi 1992 akiwa na miaka 84. Alikufa 2004 akiwa na 97. Ukienda Newton utamkuta kando ya barabara, kabla mlima haujaanza kuuma. Ni sanamu ya watu wawili wameshikana mikono, wakivuka mstari: Kelley akiwa kijana na Kelley akiwa mzee.