Joseph Thomson: Jina lake liko kwa swara, uhai wake ulikuwa mabegani mwa wapagazi

MTU akisimama Karagita, kando ya barabara izungukayo Ziwa Naivasha upande wa kusini, asubuhi ya msimu wa masika, huona Mlima Longonot ukiwa umevaa kilemba cha ukungu. Akigeuza uso mashariki, ng'ambo ya mji wa Naivasha, huona ukuta wa Kinangop na nyuma yake safu ya Nyandarua, vilele vyake vikiwa vimemezwa na mawingu. Mara kwa mara upepo wa baridi huteremka kutoka huko na kuwakuta wafanyakazi wa mashamba ya maua wakielekea kazini alfajiri.

Ni katika nyanda hizo za juu, mahali ambapo watu wa misafara ya pwani walipaita Mianzini kwa sababu ya misitu yake ya mianzi, ndipo alipolazwa kijana mmoja wa Scotland mwaka 1884. Alikuwa na umri wa miaka 26, amekonda akabaki mifupa, hawezi kusimama wala kushika bunduki. Jina lake ni Joseph Thomson. Leo, kila mtoto wa shule nchini Kenya aliyewahi kumwona swara tomi amelitamka jina hilo, pengine bila kujua ni la nani.

Thomson alizaliwa Februari 14, 1858, katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Alisomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alichukuliwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kuwa msaidizi wa Keith Johnston katika safari ya kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Safari haikuwa imekwenda mbali pale Johnston alipofariki kwa maradhi huko Behobeho mnamo Juni 1879. Kijana huyo alijikuta kiongozi wa msafara mzima.

Hakurudi nyuma. Aliendelea kwa msaada wa Chuma, yule yule aliyekuwa miongoni mwa watu walioubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani. Chuma alikuwa ndiye mwalimu wa kweli wa Thomson. Kwake kijana huyo alijifunza namna ya kuongoza wapagazi, namna ya kujadiliana na wenyeji kuhusu hongo ya njia, na zaidi ya yote, namna ya kusubiri. Thomson alirejea kwao mwaka 1880 akiwa na sifa, na tangu hapo akashika kanuni moja: anayekwenda polepole hufika salama, na anayefika salama hufika mbali.

Kanuni hiyo ilijaribiwa mwaka 1883. Jumuiya ilimtaka atafute njia fupi kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kupitia nchi ya Wamaasai, njia ambayo hakuna Mzungu aliyekuwa ameipita yote. Chuma alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Thomson aliwaajiri Manwa Sera, nahodha mzoefu aliyewahi kufanya kazi na Stanley, Makatubu, pamoja na baharia wa Kimalta aitwaye James Martin, ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Waliondoka Mombasa mwezi Machi wakiwa na wapagazi zaidi ya 100.

Mwanzo wake haukuwa mwema. Dkt Gustav Fischer, Mjerumani, alikuwa ametangulia na msafara wake ukapigana na Wamaasai, damu ikamwagika. Thomson alipofika karibu na Kilimanjaro alikuta nchi imechafuka. Mwingine angetumia bunduki kufungua njia. Yeye aliondoka usiku, akarudi Taveta, akakimbia hadi Mombasa kuongeza watu na bidhaa, kisha Julai akaanza tena. Safari hii alifuatana na Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani aliyeijua nchi hiyo.

Kwa Wamaasai, Thomson alijifanya laibon wa kizungu. Alikuwa na meno mawili ya bandia, akawa anayachomoa na kuyarudisha mbele ya morani waliopigwa na butwaa. Aliwanywesha chumvi ya Eno ikichemka na kutoa povu, wakaamini ni dawa. Yalikuwa mazingaombwe ya kitoto, lakini yalizuia umwagaji damu. Ilikuwa sifa yake kubwa kwamba alivuka nchi hiyo na kurudi bila kuanzisha vita na wenyewe.

Ndivyo alivyofika Naivasha. Dkt Fischer alikuwa amekwisha kufika hapo akalazimika kugeuza njia. Leo jina lake limebaki katika mwamba wa Mnara wa Fischer, katika mbuga ya Hell's Gate, mwendo mfupi kutoka Karagita. Thomson yeye alipanda Longonot hadi ukingoni, akachungulia shimo kubwa la volkano chini yake. Kutoka hapo alielekea kaskazini, akaipa safu ya Nyandarua jina la Aberdare kwa heshima ya rais wa Jumuiya iliyomtuma, akauona Mlima Kenya na kuyapita maporomoko ambayo baadaye yaliitwa kwa jina lake, palipo na mji wa Nyahururu sasa.

Ni huko Laikipia ambako uwindaji uligeuka kutoka burudani kuwa suala la uhai. Maradhi yalikuwa yameua ng'ombe wengi wa Wamaasai na hapakuwa na nyama ya kununua. Watu zaidi ya 100 walitegemea bunduki ya mtu mmoja. Kila jioni Thomson alilazimika kutoka kambini, kuwe na baridi au mvua, kutafuta punda milia, kifaru au nyati. Asipopata kitu, msafara ulilala njaa. Na msafara wenye njaa huvunjika, wapagazi wakatoroka, mizigo ikaachwa porini. Bunduki hiyo ndiyo iliyowafikisha Baringo, na mwezi Desemba 1883 wakafika ufukweni mwa Ziwa Victoria.

Kazi aliyotumwa ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kurudi salama. Alipita chini ya Mlima Elgon, akayaona mapango yake, na Desemba 31, siku ya mwisho ya mwaka, akatoka kuwinda. Alimpiga nyati risasi, mnyama akaanguka. Wawindaji wa siku zote husema kwamba nyati aliyelala si nyati aliyekufa, na Thomson aliijua kanuni hiyo vizuri. Hata hivyo, mtu aliyesubiri miezi kwa Wamaasai hakuweza kusubiri dakika chache kwa nyati. Alimwendea. Mnyama aliinuka ghafla, akamrusha juu kwa pembe, naye akaanguka chini akiwa na jeraha kubwa la paja, damu ikimtoka kwa wingi.

Kilichomwokoa hakikuwa ustadi wake. Watu wake walifyatua risasi kabla ya nyati kurudi kummaliza. Walimfunga jeraha, wakatengeneza machela, wakambeba. Tangu hapo, mwindaji aliyewalisha akawa mzigo wao.

Jeraha lilipona, lakini mwili ulikuwa umedhoofika, na katika safari ya kurudi kuelekea Naivasha alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Walimpandisha hadi Mianzini, kwenye baridi ya nyanda zilizo juu zaidi ya mita 2,400, wakamwekea kibanda. Hapo alilala majuma kadhaa. Nje kulikuwa na mvua na ukungu. Ndani, Martin, baharia asiyejua kusoma, alikuwa muuguzi wake. Watu wa pwani, waliozoea joto na nguo nyepesi, walivumilia baridi hiyo wakimsubiri ama apone ama afe.

Ifahamike hali ilivyokuwa. Bwana wao hakuweza kuamrisha wala kuadhibu. Bunduki na bidhaa zilikuwa mikononi mwao, na pwani wangeweza kusema amekufa kwa maradhi kama Johnston, wala hakuna ambaye angewapinga. Hawakumtupa. Walimbeba tena, wakavuka nchi kavu hadi pwani, wakawasili katikati ya mwaka 1884.

London ilimpokea kama shujaa. Mwaka 1885 alichapisha kitabu kuhusu nchi ya Wamaasai kilichosomwa sana, na Jumuiya ikamtunukia medali. Alisafiri tena: Sokoto mwaka 1885, milima ya Atlas nchini Morocco mwaka 1888, kisha mwaka 1890 kusini mwa Afrika ya Kati kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, safari iliyokwamishwa na ndui kabla ya kufika Katanga. Afya yake haikurudi kamwe kama ilivyokuwa. Alifariki London Agosti 2, 1895, akiwa na umri wa miaka 37.

Njia aliyoifungua kwa upole haikubaki ya upole. Reli ilipitia Naivasha na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Mwaka 1904, kwa mkataba uliotiwa saini na utawala wa Kiingereza, Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, na walowezi wakachukua nafasi yao. Wale morani walioyatazama meno ya bandia kwa mshangao hawakujua kwamba mazingaombwe makubwa zaidi yalikuwa njiani. Thomson hakuishi kuyaona hayo, ila ramani iliyotumika ilitokana na kazi yake.

Hata uwindaji wenyewe umebaki historia. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Swara tomi anachunga akitazamwa na watalii.

Lakini inapasa kukumbuka jambo moja. Swara ana jina la Thomson, na maporomoko ya Nyahururu yangali yanaitwa hivyo kwa Kiingereza. Mwamba una jina la Fischer. Safu ya milima ilipewa jina la bwana wa London ambaye hakuja kuiona. Wapagazi waliombeba majeruhi kutoka Elgon na kumlinda Mianzini hawakuachiwa hata kijito kimoja kwa ukumbusho; wengi wao hata majina yao hayakuandikwa.

Karagita ya leo imejaa watu waliotoka mbali, kutoka Magharibi, Nyanza, Ukambani na kwingineko, wakiishi katika vyumba vya kukodi na kuamka gizani kwenda kuchuma maua yatakayouzwa Ulaya kwa jina la mwingine. Wakiinua macho kuelekea Kinangop siku ya mvua, wanatazama mahali ambapo watu wengine waliotoka mbali waliwahi kutetemeka kwa baridi wakilinda uhai wa mtu ambaye jina lake ndilo lililobaki.