Paroko wa Morebath

Kaskazini mwa jimbo la Devon, nchini Uingereza, kuna kijiji cha wafugaji kiitwacho Morebath. Mwaka 1520 kilikuwa na nyumba 33 tu, na ndipo alipofika huko padre Christopher Trychay, mzaliwa wa Devon hiyo hiyo. Aliitunza parokia hiyo hata kufa kwake mwaka 1574.

Twamjua kwa kuwa aliandika. Kila mwaka hesabu za kanisa zilisomwa mbele ya watu wote, naye ndiye aliyeziandika: nani katoa fedha, nani kakopa, kondoo yupi wa kanisa kafa na ngozi yake imeuzwa kwa kiasi gani. Kondoo hao waligawanywa kwa wafugaji wawatunze, na sufu yao ikalipia mishumaa mbele ya sanamu za watakatifu. Vijana wa kiume walikuwa na mfuko wao, na wasichana wao. Hivyo twazijua jamaa za Morebath kwa majina, ambapo vijiji vingi vya wakati ule vimesahaulika kabisa.

Alimpenda mno Mtakatifu Sidwell, bikira mfiadini wa Exeter. Alileta sanamu yake kanisani, na baadaye wazazi wakaanza kuwabatiza binti zao kwa jina hilo.

Kulikuwa na shauku nyingine: mavazi meusi ya Misa za wafu. Parokia ilikuwa maskini, basi paroko akaacha sehemu ya haki zake na kuweka akiba kidogo kidogo kwa muda wa miaka 20 hivi. Mavazi yakanunuliwa mwaka 1547. Mwaka ule ule mfalme Henry VIII alifariki, na serikali ya mwanawe Edward VI ikaanza kuzifuta ibada zile. Kondoo waliuzwa, sanamu zikaondolewa.

Mwaka 1549 watu wa Devon na Cornwall waliasi kwa ajili ya Misa. Morebath iliwapeleka vijana watano kwenye kambi ya waasi karibu na Exeter, na gharama zao zimeandikwa kitabuni na paroko mwenyewe, waziwazi, kana kwamba ni bei ya mishumaa. Uasi ulizimwa kwa mauaji ya maelfu.

Malkia Mary aliporudisha dini ya kale mwaka 1553, vitu vilivyofichwa majumbani vilianza kurudi kanisani, naye Trychay akavipokea kwa furaha isiyofichika. Baadaye Elizabeth akageuza tena mambo yote. Padre huyu hakuondoka. Alitumia kitabu kipya cha sala na kubaki na watu wake.

Wako watakaomwita mwoga, na kwa kweli mashahidi wa wakati ule walichagua njia nyingine. Mwandishi huyu hawezi kumtetea, wala hana mkono mwepesi wa kumtupia jiwe. Watoto aliowabatiza walikuwa wamezeeka mbele yake, na akazidi kuyaandika majina ya wana na wajukuu wao kwa mwandiko ule ule.