James Prescott Joule

James Prescott Joule (24 Desemba 1818 – 11 Oktoba 1889) alikuwa mwanafizikia wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuonyesha kwamba joto na kazi ya kimakanika ni sura mbili za kitu kimoja, yaani nishati. Kipimo cha kimataifa cha nishati, jouli (alama: J), kimepewa jina lake. Kanuni yake kuhusu joto linalotokea ndani ya waya wenye umeme ni msingi wa vifaa vingi vinavyozuia mota za umeme zisiungue.

== Utoto na elimu ==

Joule alizaliwa Salford, karibu na Manchester. Baba yake, Benjamin Joule, alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha bia. James alikuwa na afya dhaifu utotoni, hivyo alisomeshwa nyumbani. Yeye na kaka yake walifundishwa hesabu na jiometria na John Dalton, mwanakemia mashuhuri aliyeweka msingi wa nadharia ya kisasa ya atomu. Masomo hayo yalikoma Dalton alipopatwa na kiharusi, lakini kijana alikuwa amekwisha kujifunza thamani ya kupima kwa uangalifu.

Joule hakusoma chuo kikuu wala hakupata kuwa profesa. Alifanya kazi katika kiwanda cha bia cha familia, na majaribio yake aliyafanya kwa muda wake na kwa fedha zake mwenyewe. Kazi ya bia ilimzoeza kutumia vipimajoto kwa usahihi mkubwa, na ujuzi huo ulimsaidia baadaye.

== Mota ya umeme na kanuni ya joto ==

Mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 19, Joule alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu mashine inayoendeshwa kwa sumaku-umeme. Alitumaini kwamba mota ya umeme ingechukua nafasi ya injini ya mvuke. Umeme wa wakati huo ulitoka kwenye betri zilizokula zinki. Alipolinganisha gharama, aligundua kwamba ratili moja ya makaa ya mawe katika injini nzuri ya mvuke ilifanya kazi nyingi zaidi kuliko ratili moja ya zinki katika betri, na zinki ilikuwa ghali kuliko makaa. Tumaini lake lilivunjika.

Hata hivyo, alitaka kujua nguvu ya betri ilikuwa ikipotelea wapi. Alizamisha waya ndani ya maji, akapitisha umeme na kupima jinsi maji yalivyopata joto. Mwaka 1840 alifikia kanuni inayoitwa leo kanuni ya Joule: joto linalotokea katika waya kwa muda fulani ni sawa na mkondo wa umeme uliozidishwa kwa wenyewe, kisha ukazidishwa kwa ukinzani wa waya na kwa muda huo. Mkondo ukiongezeka mara 2, joto huongezeka mara 4. Mkondo ukiongezeka mara 3, joto huongezeka mara 9.

Mwaka 1843 aliweka koili ndani ya mrija wa maji na kuizungusha kati ya ncha za sumaku. Maji yalipata joto ingawa hakukuwa na moto. Joule alihitimisha kwamba joto hilo lilitokana na kazi ya kuizungusha koili.

== Kupuuzwa na kukubaliwa ==

Wanasayansi wengi wa wakati huo waliamini kwamba joto ni aina ya kimiminika kisichoweza kuumbwa wala kuangamizwa. Joule alipotoa matokeo yake huko Cork, Ireland, mwaka 1843, hayakupokewa kwa shauku. Wengine walikuwa na shaka kwa sababu tofauti za jotoridi alizotegemea zilikuwa ndogo mno.

Hakukata tamaa. Alitengeneza chombo cha maji chenye makasia yaliyozungushwa na mizigo iliyokuwa ikishuka. Kwa kujua uzito wa mizigo na umbali ilioshuka, alijua kazi iliyofanyika. Kwa kipimajoto alijua joto lililopatikana. Alirudia jaribio hilo mara nyingi kwa miaka kadhaa. Mwaka 1847 huko Oxford alisikilizwa na kijana William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Thomson hakukubali mara moja, lakini alitambua uzito wa jambo lile. Wawili hao walishirikiana baadaye na kugundua badiliko la jotoridi la gesi inapotanuka kupitia tundu dogo, yaani athari ya Joule na Thomson, inayotumika katika kuyeyusha gesi.

Mwaka 1850 Joule alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, na mwaka 1870 alipewa nishani yake kuu, Copley.

== Kanuni ya Joule na ulinzi wa mota ==

Kanuni hii huonekana wazi katika karakana ndogo za nyumbani, penye mashine za lethi, keekee na mashine za kunolea. Tuchukue mota inayotumia ampea 4 ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Kifaa cha kukatia kikikwama na mota ikasimama, mkondo unaweza kufikia ampea 20. Mkondo umeongezeka mara 5, lakini joto ndani ya koili limeongezeka mara 25. Feni ya mota nayo imesimama, hivyo hakuna hewa ya kuipoza. Kihami kinachofunika waya huharibika, waya hugusana, na mota huungua.

Fyuzi peke yake haitoshi kuzuia hali hiyo. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi, hivyo fyuzi lazima iwe kubwa kiasi cha kuvumilia mwanzo huo. Fyuzi ya namna hiyo huzuia hatari ya shoti, lakini huweza kuacha mzigo uliozidi kidogo uipike mota polepole. Kwa hiyo hutumika njia nyingine:

* Rilei ya joto: mkondo wa mota hupasha kipande cha metali mbili zilizounganishwa. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, kipande hupinda na kukata umeme. Rilei hurekebishwa kulingana na ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota.
* Swichi ya joto ndani ya koili: hupima joto la koili lenyewe, hivyo hufanya kazi hata kama tatizo ni matundu ya hewa yaliyoziba kwa vumbi.

Kwa mashine za kukata, ni salama zaidi kutumia kifaa kinachohitaji kubonyezwa kwa mkono kabla ya mota kuwaka tena. Kinachojirudisha chenyewe kinaweza kuiwasha mashine wakati fundi ameweka mkono karibu na kifaa cha kukatia.

== Maisha ya binafsi na kifo ==

Joule alimwoa Amelia Grimes mwaka 1847. Mke wake alifariki mwaka 1854, akimwachia watoto wawili, na Joule hakuoa tena. Mali yake ilipungua kwa miaka, na mwaka 1878 serikali ilimpatia pensheni ya pauni 200 kwa mwaka.

Alifariki Sale, karibu na Manchester, mwaka 1889. Kwenye jiwe la kaburi lake imechongwa namba 772.55. Ni kipimo chake cha kazi, kwa futi-ratili, inayohitajika kupasha ratili moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti. Kipimo cha kisasa ni takriban 778, tofauti isiyofika hata asilimia 1.