Ronald Fisher: Bingwa wa Hesabu na Kiko Chake

Wengi wetu huikimbia hisabati kama nyuki. Hebu basi msikie habari za mtu aliyeifanya kichwani.

Ronald Aylmer Fisher alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1890. Macho yake yalikuwa dhaifu hata akakatazwa kusoma usiku kwa taa ya umeme huko shuleni Harrow. Akafunzwa kwa mdomo, bila kalamu wala karatasi. Vita vilipozuka mwaka 1914 jeshi lilimkataa kwa sababu ya macho hayohayo, akawa mwalimu wa shule.

Mwaka 1918, angali mwalimu, makala yake kubwa ilichapishwa Edinburgh. Wataalamu walikuwa wakibishana: njegere za Mendel ni ndefu au fupi tu, mbona watu wana vimo vya kila namna? Fisher akaonyesha kwamba jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo tu, zaweza kuleta hali hiyo. Tofauti za watu akazigawa mafungu, ili fungu la urithi lijulikane.

Juu ya msingi huo wengine walijenga njia ya kuchunguza tabia mbili pamoja. Wasiwasi wa Opiyo hulinganishwa na huzuni ya pacha wake Odongo. Uhusiano ukiwa mkubwa zaidi kwa pacha wa yai moja kuliko wa mayai mawili, tabia hizo zinashiriki jeni. Mwaka 1992 watafiti Wamarekani waliochunguza pacha wa kike waliona kwamba wasiwasi mwingi na huzuni nzito hutokana na jeni zilezile. Mazingira ndiyo hutofautiana.

Lakini jamani, hapa ndipo bingwa alipoteleza. Doll na Hill walikuwa wameonyesha mwaka 1950 kwamba sigara huambatana na saratani ya mapafu. Fisher, mvutaji kiko na mshauri wa watengenezaji tumbaku, alipinga. Mwaka 1958 alitaja pacha wa Ujerumani: wa yai moja walifanana zaidi katika uvutaji. Eti labda jeni zilezile huleta hamu ya sigara na saratani pia! Wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu. Ila saratani hiyo ilikuwa imeongezeka mno katika miaka michache, na jeni za taifa zima hazibadiliki upesi hivyo. Tena walioacha sigara hatari yao ilipungua, ingawa jeni zao zilibaki vilevile.

Aliamini pia kwamba serikali ziwahimize watu wa tabaka fulani kuzaa zaidi, jambo lisilopendeza hata kidogo. Alifariki Adelaide, Australia, mwaka 1962. Mwaka 2020 chuo chake huko Cambridge kiliamua kuliondoa dirisha la kumbukumbu yake.