Geoffrey Milne, mtu wa Amani aliyeufuata udongo kutoka kilimani hadi bondeni

Ukipanda kutoka Sigi kwenda Amani, msitu unafunga pande zote. Kwa miti mikubwa namna ile, mtu huamini kwamba chini yake kuna rutuba isiyokwisha. Walowezi wa Kijerumani waliofika Usambara Mashariki miaka ya 1890 waliamini hivyo. Walifyeka msitu wakapanda kahawa, lakini mashamba mengi yakadhoofika.

Mmoja wa walioeleza sababu ni Geoffrey Milne, Mwingereza, mtaalamu wa kemia ya udongo. Alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baadaye kuchukuliwa na Waingereza.

Mwaka 1937 Milne aliandika kuhusu udongo na mashamba ya Usambara Mashariki. Udongo huu umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno, umebaki na asidi nyingi na chakula kidogo cha mimea. Utajiri wa msitu uko kwenye mzunguko: majani huanguka, kuvu na wadudu huyaozesha, mizizi huchukua chakula hicho, nayo miti hutoa majani mengine. Ukifyeka miti umeukata mzunguko huo, na mboji iliyobaki huondoka na mvua.

Lakini kilichompa jina duniani ni wazo alilolitoa mwaka 1935. Aliona kwamba udongo wa kilima kimoja ni kama mnyororo: juu mara nyingi ni mwekundu, kwenye mteremko unabadilika, na chini kabisa ni mbuga nyeusi inayonata. Maji ndiyo yanayounganisha, kwa kuwa yanachukua huku na kuweka kule. Mpangilio huo hurudia kilima baada ya kilima. Aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wakulima wa Usukuma nao walikuwa na majina yao kwa kila udongo wa mteremko.

Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika akichunguza udongo. Mwaka 1936 ikatoka ramani ya udongo ya Afrika Mashariki aliyoiongoza. Alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari yake ilichapishwa mwaka 1947, yeye akiwa kaburini. Leo katena inafundishwa vyuoni duniani kote.

Sisi wa milimani tunabaki na nini? Ukipeleka udongo kupimwa, usichanganye wa juu na wa bondeni, kwani hizo ni pingu mbili tofauti za mnyororo mmoja. Na kama una iliki au mdalasini, usichome majani yaliyoanguka. Hiyo ndiyo mbolea ya msitu, na ikishaondoka, shamba litakueleza lenyewe yale waliyoyaona wapanda kahawa.