Ibn al-Nafis na Njia ya Damu

Tabibu huyu, mwanachuoni wa fiqhi ya Kishafi kama wengi wetu hapa pwani, alizaliwa yapata mwaka 1213 katika nchi ya Sham, akafanya kazi Misri. Galen, aliyeaminiwa miaka zaidi ya 1,000, alidai damu hupenya vitundu vya ukuta ugawao moyo. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis alikataa: ukuta ule hauna tundu. Damu hutoka upande wa kulia, huenda mapafuni ikakutana na hewa, ndipo irudi kushoto.

Sifa wakapewa Wazungu waliokuja karne 3 baadaye, hadi daktari Mmisri alipokiona kitabu chake Berlin mwaka 1924.

Alifariki Cairo mwaka 1288. Yasemekana alishauriwa mvinyo uwe dawa, akakataa. Nyumba na vitabu vyake aliiachia hospitali ya Mansuri.