Mchungaji Aliyefunga Mlango wa Jikoni

Katika shule moja niliyowahi kufundisha nilikabidhiwa ulezi wa Umoja wa Wakristo, kazi ambayo walimu wengi huikubali wakidhani kuwa ni nyepesi kuliko kusimamia kandanda. Muhula wa tatu ulipowadia, na mitihani ya kitaifa ikibisha hodi, wanachama wa umoja huo waligawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikesha likiomba kwa sauti ya juu hadi mabweni ya jirani yakalalamika. Fungu la pili lilisoma sala zilizoandikwa vitabuni, na likaziona kelele za wenzao kuwa utovu wa adabu mbele ya Mwenyezi Mungu. Kila upande ulinijia na Biblia mkononi. Hawa walinikumbusha Bartimayo, kipofu aliyezidi kupaza sauti kadiri alivyokemewa; wale wakanikumbusha Hana, aliyeomba midomo ikicheza bila sauti hata kuhani Eli akamdhania mlevi. Hawa walitaja kusanyiko la Matendo ya Mitume lililomlilia Mungu kwa nia moja. Wale wakataja agizo la Yesu la kuingia chumbani na kufunga mlango. Aya zote zilikuwa sahihi. Kilichonisikitisha ni kwamba vijana hao, waliokuwa wakila meza moja tangu kidato cha kwanza, walikuwa hawaamkiani tena.

Niliwahubiria, na mahubiri yangu hayakufua dafu. Ndipo nilipoamua kuwasimulia maisha ya mtu mmoja, Mjerumani aliyeitwa Dietrich Bonhoeffer, ambayo leo ningependa kuwasimulia pia walimu wenzangu na wanafunzi wanaousoma ukurasa huu.

Bonhoeffer alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 katika mji wa Breslau, ambao siku hizi uko Poland na huitwa Wrocław. Alikuwa na pacha wake, Sabine, na jumla ya watoto wa nyumba hiyo walikuwa wanane. Baba yao, Karl, alikuwa profesa wa magonjwa ya akili. Ilikuwa nyumba ya vitabu na muziki, wala haikuwa nyumba ya kwenda kanisani kila Jumapili. Kijana huyo alipotangaza kwamba angesomea theolojia, kaka zake walimcheka, wakamwambia kwamba kanisa ni chombo dhaifu kisichostahili kupotezewa maisha. Aliwajibu kwamba ikiwa ndivyo, basi yeye atalitengeneza upya. Majibu ya ujana hayo! Mnamo 1927, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alitunukiwa shahada ya udaktari kwa tasnifu iliyochunguza kanisa kama ushirika wa watakatifu.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wangu walilishangaa. Daktari huyo wa theolojia, aliyeandika kuhusu kanisa na kupanda mimbarini akahubiri, alikuja kukiri baadaye katika barua kwamba miaka hiyo alikuwa haombi, au aliomba kwa nadra sana, na kwamba alikuwa hajawa Mkristo bado. Elimu aliyokuwa nayo ilimpa fahari, na fahari hiyo aliidhania kuwa imani. Nathubutu kusema kwamba wengi wetu tunaofundisha somo la dini tunaijua hali hiyo, ingawa si rahisi kuikiri mbele ya darasa.

Mageuzi yalimjia polepole. Mnamo 1930 alikwenda New York kusoma kwa mwaka mmoja katika Union Theological Seminary. Makanisa mengi aliyoyatembelea huko hayakumridhisha, lakini rafiki yake mmoja, mwanafunzi mwenzake Mmarekani mweusi, alimpeleka Harlem katika kanisa la Abyssinian Baptist. Aliyoyasikia humo hakuyasahau. Watu waliobaguliwa mchana kutwa waliingia kanisani wakaimba na kuomba kama watu wenye haki ya kusikilizwa mbinguni. Bonhoeffer alifundisha watoto katika shule ya Jumapili ya kanisa hilo, na aliporejea Ujerumani alibeba santuri za nyimbo zao. Huko Berlin alipewa darasa la kipaimara la wavulana watundu wa mtaa wa Wedding, waliokuwa wamemshinda mchungaji aliyemtangulia. Aliwasimulia hadithi za Biblia, akapanga chumba mtaani mwao ili waweze kumtembelea jioni, na baada ya muda wakamsikiliza.

Mnamo Januari 1933 Adolf Hitler alikabidhiwa serikali. Siku mbili baadaye Bonhoeffer alizungumza redioni akionya dhidi ya kiongozi anayejifanya mungu wa watu wake, na matangazo yakakatwa kabla hajamaliza. Kundi la Wakristo waliojiita Wakristo wa Kijerumani likataka wachungaji wenye damu ya Kiyahudi wafukuzwe kazini, na mwezi Julai lilishinda uchaguzi wa kanisa kwa kura nyingi. Waliopinga waliunda lile lililoitwa Kanisa la Maungamo, ambalo lilitangaza huko Barmen mwezi wa Mei 1934 kwamba halimtambui bwana mwingine ila Kristo.

Lakini nisimfanye Bonhoeffer malaika. Pacha wake Sabine alikuwa ameolewa na Gerhard Leibholz, mwanasheria aliyetoka ukoo wa Kiyahudi. Aprili 1933 baba yake Gerhard alifariki, naye alikuwa Myahudi asiyebatizwa. Familia ilimwomba Bonhoeffer aongoze mazishi. Alitaka ushauri kwa mkubwa wake wa kanisa, akashauriwa asifanye hivyo wakati kama ule, naye akakataa. Miezi michache baadaye aliwaandikia Sabine na mumewe kuwaomba msamaha, akisema hakuelewa jinsi alivyoweza kuwa mwoga kiasi kile. Mimi naamini kwamba mtu hawezi kuyaelewa mafundisho yake ya baadaye kuhusu sala bila kulikumbuka kaburi hilo ambalo hakusimama kando yake.

Baada ya kuzihudumia sharika mbili za Wajerumani jijini London kwa kama mwaka mmoja na nusu, aliitwa na Kanisa la Maungamo kuongoza chuo cha kuwaandaa wachungaji vijana. Kabla ya kuondoka Uingereza alizizuru nyumba za jumuiya za Kianglikana, kama ile ya Mirfield, ili ajionee watu wanavyoishi, kuomba na kufanya kazi pamoja. Chuo kilianza Aprili 1935 huko Zingst kwenye pwani ya Baltiki, na baada ya wiki chache kikahamia Finkenwalde, karibu na mji wa Stettin. Nyumba ilikuwa kuukuu na samani zilikuwa za kuombaomba.

Siku ya Finkenwalde ilianza na kuisha kwa ibada iliyofanywa mezani: Zaburi, masomo kutoka Agano la Kale na Jipya, wimbo, na maombi. Kisha ikafuata nusu saa ya kimya, kila mtu akitafakari aya chache zilezile kwa juma zima, bila kamusi wala kitabu cha ufafanuzi. Wanafunzi hao walikuwa watu wazima waliohitimu vyuo vikuu, na walilalamika vikali. Wengine walisema wanasinzia, wengine kwamba mawazo yao yanatangatanga, na wenzao wa vyuo vingine waliwadhihaki kwamba wamegeuka watawa. Bonhoeffer hakuiondoa nusu saa ile, lakini alikubali kwamba mara moja kwa juma watafakari pamoja kwa sauti. Aliamini kwamba kuomba ni jambo la kujifunza, kama mtoto ajifunzavyo kusema kwa kusemeshwa na baba yake, na kwamba kitabu cha kujifunzia ni Zaburi. Humo mna kilio, hasira, shukrani na kimya. Anayeomba kwa maneno hayo hulazimika kuomba hata yale ambayo moyo wake siku hiyo haujisikii, kwa sababu mtu mwingine kanisani anajisikia hivyo.

Nilipofika hapo, msichana mmoja wa lile fungu la wakeshao aliuliza kama basi Zaburi husomwa kwa sauti au kimya. Darasa lilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mafungu yale kucheka pamoja baada ya majuma mengi.

Palikuwa na kanuni nyingine huko Finkenwalde iliyonigusa zaidi kuliko nusu saa ya kimya. Hakuna aliyeruhusiwa kumzungumzia ndugu asiyekuwepo. Na aliyeteleza akafanya hivyo alitakiwa kwenda kumwambia mhusika. Jaribuni kanuni hiyo kwa juma moja katika chumba cha walimu. Wanafunzi wake walisimulia baadaye kwamba kanuni hiyo iliwafunza mengi sawa na mahubiri yote waliyoyasikia. Fauka ya hayo, kabla ya Meza ya Bwana kila mtu alihimizwa kuungama kwa ndugu mmoja, na mwalimu mwenyewe alimwendea mwanafunzi asiye na uzoefu wowote, akamwomba amsikilize maungamo yake.

Wala hawakuishi kwa kununa. Alasiri walicheza mpira wa meza, walitembea msituni, na jioni walisikiliza zile santuri za Harlem. Siku moja katika majuma ya mwanzo iliombwa msaada wa kuosha vyombo, na vijana wasomi wakabaki vitini mwao. Bonhoeffer aliinuka bila kusema neno, akaingia jikoni na kufunga mlango kwa ndani. Waliposhtuka na kumfuata, hakuwafungulia. Aliviosha vyombo vyote peke yake, na hakulitaja jambo hilo tena.

Polisi wa siri wa Hitler, Gestapo, walikifunga chuo mwishoni mwa Septemba 1937. Mwaka uliofuata Sabine na mumewe walilazimika kukimbia Ujerumani, wakaiacha nyumba yao mjini Göttingen tupu. Bonhoeffer aliingia katika nyumba hiyo na kuandika, kwa kama mwezi mmoja, kitabu chake kidogo kuhusu maisha ya pamoja ya Wakristo, kilichotoka mnamo 1939. Humo alionya kwamba anayependa ndoto yake ya kanisa kamilifu kuliko Wakristo halisi anaoishi nao hulibomoa kanisa, hata akiwa na nia njema. Alieleza pia kwamba huwezi kuendelea kumchukia ndugu unayemwombea, kwani uso wake uliokuwa ukikuudhi hugeuka kuwa uso wa mtu ambaye Kristo alimfia. Aliandika hayo katika nyumba ya watu waliofukuzwa, mkwewe Sabine akiwa ndiye yule marehemu aliyekataa kumzika.

Novemba 1938 masinagogi yalichomwa kote Ujerumani. Bonhoeffer aliifungua Biblia yake kwenye Zaburi ya 74, penye aya inayolalamika juu ya kuteketezwa kwa nyumba za Mungu nchini, akaandika ubavuni tarehe ya usiku huo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sala yake fupi kupita zote. Wakristo wengi wa Ujerumani waliendelea kuimba Zaburi hizohizo Jumapili iliyofuata bila kuuona moshi.

Juni 1939 rafiki zake walimpatia nafasi ya kazi New York. Hakukaa mwezi mzima. Aliona kwamba hatakuwa na haki ya kulijenga kanisa la Ujerumani baada ya vita ikiwa hatashiriki mateso ya watu wake, akapanda meli akarudi. Alijiunga na njama za kumpindua Hitler, akasaidia kuwavusha Wayahudi wachache hadi Uswisi, na tarehe 5 Aprili 1943 akakamatwa. Katika gereza la Tegel aliwaandikia wafungwa wenzake sala za kuomba Krismasi ya mwaka huo.

Jumapili tarehe 8 Aprili 1945, wafungwa waliokuwa wakihamishwa walikuwa wamefungiwa katika darasa la shule ya kijiji cha Schönberg, Bavaria. Mmoja wao alimwomba Bonhoeffer aendeshe ibada. Alisita, kwani wengi wao walikuwa Wakatoliki, na palikuwa na kijana Mrusi, mkomunisti, ambaye hakutaka kumlazimisha. Mrusi huyo akasema anataka ibada ifanyike. Bonhoeffer alisoma masomo ya siku hiyo kutoka Isaya na Waraka wa kwanza wa Petro, akayaeleza kwa ufupi, akaomba. Wafungwa wa chumba cha pili walikuwa wakitafuta njia ya kumpenyeza afike kwao pia. Kabla hawajafaulu, mlango ulifunguliwa na watu wawili wakamwita kwa jina. Alimpa mfungwa mmoja Mwingereza salamu za kumpelekea Askofu George Bell, rafiki yake wa siku za London, akaondoka nao. Alinyongwa alfajiri ya kesho yake katika kambi ya Flossenbürg, akiwa na umri wa miaka 39.